Mgeni Rasmi Si Bibi

Katika mahafali ya chuo kimoja cha ushonaji kilichoko Temeke nilipewa kazi moja tu, nayo ni kukaa nyuma ya mgeni rasmi na kumpelekea mshereheshaji vikaratasi pindi ratiba inapobadilika. Mgeni rasmi alikuwa meneja wa benki, mama wa makamo ambaye asubuhi hiyo alikuwa ametokea saluni, kwa maana harufu ya dawa ya nywele ilikuwa bado inanifikia kitini kwangu. Mshereheshaji alikuwa kijana mtanashati wa Unguja, ambako kumwita mwanamke "Bi" au "Bibi" ni kumpa heshima yake mbele ya watu. Sisi wa Temeke bibi tunayemfahamu ni yule aliyewazaa wazazi wetu, tena asiye na meno ya kutafunia karanga.

"Sasa namwomba Bibi mgeni rasmi asogee taratibu hapa mbele," alisema, na hilo "taratibu", ambalo kwake lilikuwa adabu tupu, ndilo lililoharibu kabisa.

Mgeni rasmi hakuinuka. Aligeuka akaniuliza kwa sauti ya chini, "Bibi wa nani?"

Nilifikiria "dada" nikaliacha, kwani meneja hapandishwi jukwaani kwa jina analoitiwa mhudumu wa soda. Nikaandika upesi: "Si bibi, sema mama." Kijana, ambaye alizoea kusoma kila analoletewa, akakisoma kikaratasi chote kwenye kipaza sauti. Wahitimu wakapiga vigelegele. Yeye akadhani anapingwa, akaanza kujitetea: mbona mjini hapa ipo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na mwenyewe alikuwa hajatimiza miaka 30 alipoanza kuwaongoza akina mama wa TANU mwaka 1955, na hakuna aliyewahi kulalamika?

Kwa haki kabisa, hoja hiyo ilikuwa nzito kuliko hotuba zote tulizokwisha kusikia tangu asubuhi.

"Bibi Titi alipigania uhuru," mgeni rasmi aliniambia, "mimi nimekuja kugawa vyeti. Mwambie."

Sikuthubutu kuyaandika hayo. Niliandika neno moja, "Mheshimiwa", nikalipigia mstari, nikakitoa kikaratasi kipite mkono kwa mkono. Kwa bahati mbaya kilipita kwa mweka hazina wa kamati, aliyekuwa na la kwake la kusema kuhusu jikoni, naye akaongeza maneno yake hapo hapo chini. Kijana akakipokea, akajiweka sawa, akatangaza kwa sauti ya kishindo: "Mheshimiwa Wali Unapoa, karibu sana!"

Hapo mgeni rasmi aliinuka mwenyewe, akatembea upesi hadi mbele, akakichukua kipaza sauti.

"Namshukuru sana babu mshereheshaji kwa kunikaribisha," alisema, "na ninawaomba vijana wawili wenye nguvu wamshike wamsaidie kukaa, maana amesimama muda mrefu."

Wahitimu wawili wakainuka kweli, wakamshika kila mmoja mkono wake.