Je, Utajiri wa Nchi Huleta Kombe?

Tangu Kombe la Dunia lilipoanza mwaka 1930 hadi fainali za Qatar za 2022, ni nchi 8 tu zilizolitwaa, zote za Ulaya na Amerika Kusini. Wanauchumi waliolinganisha matokeo ya timu za taifa kwa takwimu wamekuta kwamba kipato, idadi ya watu na uzoefu wa mashindano makubwa huongeza nafasi ya kushinda. Hoja hiyo ina mantiki, kwa kuwa mtoto aliyeshiba, mwenye kiwanja karibu na muda wa kucheza, ana nafasi kubwa zaidi ya kukuza kipaji chake.

Hata hivyo, China yenye watu zaidi ya bilioni 1.4 imefuzu mara moja tu, mwaka 2002, ikafungwa mechi zote tatu bila kupata hata bao moja, ilhali Uruguay, yenye watu wasiofika milioni 4, imelibeba kombe mara mbili. Croatia, yenye watu wachache vilevile, ilifika fainali mwaka 2018 na kushika nafasi ya tatu mwaka 2022. Kwa maoni yangu, kinachopaswa kupimwa ni kiasi gani cha fedha za nchi kinamfikia kocha wa watoto, kwa sababu utajiri usiofika huko hauisaidii timu ya taifa.

Ujerumani inaonyesha hilo vizuri. Ilipotolewa kwenye Euro 2000, michuano ya mataifa ya Ulaya, ikiwa na pointi moja tu, ilizitaka klabu zake za juu kuanzisha akademi, yaani vituo vya kulea wachezaji vijana, na vijana waliolelewa katika mfumo huo ndio waliokuwa mhimili wa kikosi kilichotwaa kombe mwaka 2014 baada ya kuwafunga wenyeji Brazil mabao 7-1 katika nusu fainali. Morocco nayo ilijenga Akademi ya Mohammed VI karibu na Salé, ambako walipita Nayef Aguerd, Azzedine Ounahi na Youssef En-Nesyri, wote wakiwa katika kikosi kilichofika nusu fainali mwaka 2022. Lakini sifa hiyo haiwezi kupewa akademi peke yake: kati ya wachezaji 26 wa Morocco, 14 walizaliwa nje ya nchi, na wengi wao, kama Achraf Hakimi aliyezaliwa Madrid, walifundishwa kwa gharama za klabu za Ulaya.

Hapo ndipo wachambuzi wanapogawanyika. Wapo wanaosema nchi maskini inafaidika wachezaji wake wanapokwenda Ulaya, maana hurudi timu ya taifa na ujuzi ambao ligi ya nyumbani isingeweza kuwapa. Senegal iliyoifunga Ufaransa 1-0 katika Kombe la Dunia la 2002 ilikuwa na kikosi ambacho karibu chote kilicheza Ufaransa. Wengine huitaja Misri, iliyotwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mara tatu mfululizo, 2006, 2008 na 2010, ikitegemea zaidi wachezaji wa klabu zake yenyewe kama Al Ahly na Zamalek. Hoja hii ya pili ina uzito, ingawa Misri hiyohiyo haikufuzu Kombe la Dunia la 2006 wala la 2010.

Bahati nayo ina sehemu yake, kwa kuwa soka ni mchezo wa mabao machache. Katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2012 mjini Libreville, Ivory Coast ya Didier Drogba na Yaya Touré ilikosa penalti ndani ya muda wa kawaida, kisha Zambia, iliyokuwa na akina Rainford Kalaba na Stoppila Sunzu wa TP Mazembe ya Lubumbashi, ikashinda 8-7 kwa mikwaju ya penalti. Ujerumani yenyewe, pamoja na akademi zake zote, ilitolewa hatua ya makundi mwaka 2018 na tena 2022.

Kwa Kenya, Uganda na Tanzania, zilizopewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) 2027, suala hili ni la bajeti. Uenyeji huongeza nafasi ya kushinda, lakini Qatar, ambayo haikubana matumizi, ilifungwa mechi zake zote tatu nyumbani mwaka 2022. Viwanja lazima vijengwe kwa sababu CAF, shirikisho la soka la Afrika, inavidai. Mafunzo ya makocha wa shule na wilaya hakuna anayeyadai, na ndiyo maana ningependa yawe na fungu lake katika bajeti za michezo za nchi hizi tatu.