Paka akiumwa, tafuta mwenye mizani

Paka dume anayeingia kwenye beseni la mchanga mara ya tano tangu asubuhi, akachuchumaa, akajikamua, akatoka bila kuacha hata tone, hajafunga choo. Kaziba mkojo. Mwenye nyumba anaona mnyama anahangaika, anamnywesha kijiko cha mafuta ya kula, anangoja kesho. Kesho yake paka anatapika, amelala ubavu, na tumbo la chini lina donge gumu la ukubwa wa limau. Donge hilo ni kibofu. Mkojo usipotoka, potasiamu inajaa kwenye damu, na ikizidi moyo unasimama. Tangu njia izibe hadi hali iwe mbaya kabisa ni kama saa 24 hadi 48. Donge lisibonyezwe, kibofu kilichojaa kinaweza kupasuka. Anayetakiwa hapo ni daktari mwenye mpira mwembamba wa mkojo, dawa ya usingizi na dripu, usiku huohuo.

Ndiyo maana nasema daktari wa paka hatafutwi siku paka anaumwa. Saa tano usiku, paka analia ndani ya kapu, utamkubali yeyote atakayepokea simu, na mara nyingi atakayepokea ni muuza dawa za mifugo mwenye bomba la sindano na moyo wa kusaidia. Moyo wa kusaidia sina shaka nao. Bomba la sindano ndilo linalonitisha.

Tuanze nyumbani kwanza. Watu husema fulani ana roho ya paka, maana yake hafi upesi. Paka mwenyewe hufa upesi tu, ila anaficha. Anahamia uvunguni, anaacha kujilamba, manyoya yanasimama kama kanyeshewa, na ukimshika bado anakoroma. Paka hukoroma hata akiwa na maumivu, kwa hiyo mkoromo usikutulize. Amini namba. Akiwa amelala, hesabu kifua kinavyopanda kwa nusu dakika, kisha zidisha kwa mbili. Chini ya 30 hana neno. Ikipita 40, au akihema mdomo wazi kama mbwa, chai utaimalizia ukirudi.

Joto la paka mzima ni nyuzi 38 hadi 39.2, kwa hiyo 38.5 ambayo kwa mwanao ungeiita homa, kwake ni kawaida. Kipimajoto cha dijitali cha duka la dawa kinatosha: kipake mafuta ya mgando, kiingize kama sentimita mbili kwenye njia ya haja kubwa, na mtu wa pili awe amemviringishia paka taulo. Akipigana sana mwache, maana joto la paka aliyetoka kupigana haliaminiki. Juu ya 39.5 ana homa. Chini ya 37.5 ni hatari kuliko homa, na hapo ndipo wengi hufurahi kwamba "amepoa".

Halafu kula. Paka mkubwa aliyegoma kula kabisa kwa siku nzima apigiwe simu daktari. Siku ya pili aonwe, hasa akiwa mnene, kwa sababu mwili wenye njaa husukuma mafuta yake kwenye ini, ini linaelemewa, na ndani ya masikio na ufizi vinageuka manjano. Mtoto wa paka hangojwi hata hiyo siku moja. Usimjaze uji kwa bomba mdomoni. Ukiingia kwenye mapafu umeongeza ugonjwa wa pili. Pasha chakula kidogo kiwe vuguvugu kinukie, futa pua iliyoziba kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, mpe supu ya samaki isiyo na kitunguu wala chumvi. Maziwa ya ng'ombe yaache, paka wengi wakubwa yanawaharisha.

Shida ya paka wetu ni kwamba hujisaidia nje, aghalabu kwenye kifusi cha mchanga wa jirani anayejenga, kwa hiyo hakuna anayejua kama kakojoa. Ukianza kuwa na wasiwasi mfungie bafuni na maji ya kunywa na beseni la mchanga uleule anaouzoea. Kufikia asubuhi utajua. Paka wa kawaida hukojoa mara mbili hadi nne kwa siku.

Kuhusu kabati la dawa nitakuwa mkali: lifungwe. Panadol moja ya miligramu 500 inaweza kumuua paka. Ini lake halina kimeng'enya cha kutosha cha kuvunja paracetamol, damu inashindwa kubeba oksijeni, ufizi unakuwa wa kahawia au bluu, uso na nyayo zinavimba. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zikae hukohuko kabatini. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini inamtetemesha paka mpaka degedege. Ikishamwagika mwilini, mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mviringishe taulo kavu, nenda. Dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi nayo si yake. Na paka aliyekula panya wa sumu asinyweshwe maziwa, hayatoi sumu. Tafuta pakiti ya ile sumu, hata kama ilitegwa kwa jirani, kwa sababu matibabu yanategemea iliyo ndani. Sumu inayozuia damu kuganda huonekana baada ya siku mbili hadi tano na dawa yake ni vitamini K1. Ile inayomtoa udenda na kumtetemesha ndani ya muda mfupi ina matibabu mengine kabisa.

Sasa daktari mwenyewe. Mtaani kila mbeba sindano anaitwa dokta. Kwa Tanzania, daktari wa mifugo ni mtu mwenye shahada, ile ya miaka mitano ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichopo Morogoro, au inayolingana nayo, na amesajiliwa na Baraza la Veterinari chini ya Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003. Kenya wana bodi yao na sheria ya mwaka 2011. Wenye cheti na stashahada ya afya ya mifugo wana kazi yao, na wapo wanaoijua vizuri, lakini kumlaza paka usingizi na kumpasua si kazi ya kufanyia sebuleni. Kuuliza usajili kunahitaji ulimi mtamu tu. Mpe kadi ya paka na useme, "Shikamoo dokta, samahani, naomba uniandikie jina na namba yako ya usajili hapa, nikienda kwingine waone." Aliyesajiliwa ataandika. Anayeanza kuuliza kama humwamini amekujibu.

Usajili pekee hautoshi, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodhani cheti cha ukutani kimemaliza kazi. Mafunzo na kipato cha wataalamu wetu wengi vimejengwa juu ya ng'ombe, mbuzi na kuku. Mtu anaweza kuwa hodari wa kuzalisha mtamba aliyekwama na akamtibu paka kama ng'ombe mdogo. Kipimo changu ni kimoja: je, anampima uzito kabla ya kufungua chupa?

Tazama hesabu. Ivermectini ya asilimia 1, ile chupa ya dawa ya minyoo iliyopo karibu kila duka la dawa za mifugo, ina miligramu 10 kwa kila mililita. Ng'ombe hupigwa mililita 1 kwa kila kilo 50. Ukimgawia paka wa kilo 4 kwa uwiano huohuo unapata mililita 0.08. Bomba la mililita 5, ambalo ndilo la kawaida kwenye begi la mganga, lina mistari ya 0.2, dozi ya paka haifiki hata nusu ya mstari mmoja. Anayevuta "kidogo tu" akasimama kwenye mililita 1 amempa zaidi ya mara kumi na mbili. Paka anayumba, mboni zinapanuka, haoni, mtoto wa paka hazinduki tena. Kisha unaambiwa minyoo ilikuwa mingi. Mwenye kujua paka hutumia bomba dogo la insulini, na kabla ya hapo humweka kwenye mizani inayosoma gramu. Asiye nayo angalau aseme tupitie dukani kwa Mangi. Mizani ya sukari na mchele inapima paka ndani ya boksi bila matatizo, ukitoa uzito wa boksi. Enrofloksasini, antibiotiki ya kuku, ni vivyo hivyo: ikipita miligramu 5 kwa kilo kwa siku inaweza kumpofusha paka, na upofu huo mara nyingi haurudi nyuma.

Baada ya mizani, angalia mikono yake. Daktari mzuri humwacha paka atoke kwenye kapu mwenyewe, au hufungua kifuniko cha juu. Hamning'inizi kwa ngozi ya shingo. Anafunua mdomo aone ufizi na meno, anabonyeza ufizi kwa kidole na kuangalia wekundu unavyorudi (usizidi sekunde mbili), anavuta ngozi ya mabegani kuona kama amekaukiwa maji, anasikiliza kifua, anapapasa tumbo polepole mpaka kwenye kibofu, anapima joto. Zoezi zima ni kama dakika kumi. Wakati huo anauliza: amekula lini mara ya mwisho, amekojoa lini, ametapika nini, amepewa dawa gani nyumbani. Hilo la mwisho jibu kweli, hata kama ni aibu. Daktari anayejua mapema kwamba kuna Panadol ndani anaweza kuwahi na dawa ya kuivunja makali.

Akiandaa sindano, uliza jina la dawa, ni miligramu ngapi, na ni ya nini. Jibu la "ya nguvu" au "ya kuchangamsha" lisikubalike. Ujanja wa zamani ni deksamethasoni, dawa ya steroidi inayoshusha kinga: paka aliyezubaa anachomwa leo, jioni anakula, mwenye paka anampigia daktari kushukuru, na siku ya tatu mnyama anaanguka vibaya kuliko mwanzo kwa sababu maambukizi yaliachwa yakaendelea huku kinga ikishushwa. Oksitetrasaiklini, ambayo ni antibiotiki, nayo inachomwa kwa kila kitu, kuanzia mafua mpaka mguu uliovunjika. Mafua ya paka kwa kawaida huanza na virusi. Antibiotiki ina nafasi yake pale usaha wa njano unapotoka machoni na puani, au nimonia inaposikika kifuani. Daktari anayekwambia "bado sijajua, inaweza kuwa figo au ini, tutoe damu" anakugharimu zaidi leo, na ndiye ninayemchagua.

Pesa isemwe kabla. Omba agawanye: kumwona daktari, vipimo, dawa, kumlaza. Ukiwa na bajeti ndogo, itaje bila kuona haya, kwa sababu daktari mwelewa atakwambia kipimo kipi kinaweza kungoja na kipi hakingoji. Wa kuja nyumbani wanafaa sana kwa chanjo na kukata kucha. Kwa paka anayehema kwa shida hawafai, hata wawe hodari namna gani, maana oksijeni na eksirei haviingii kwenye begi. WhatsApp ni kwa kutuma video ya anavyohema na picha ya alichotapika, ili daktari aseme "mlete sasa" au "mlete kesho". Dozi ya picha, bila mizani, ikatae.

Njia bora ya kumjua daktari kabla ya shida ni kumpelekea paka mzima. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu na hurudiwa baada ya mwaka. Karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, maeneo mengi hutoa bure hata kwa paka. Ya panleukopenia, ule ugonjwa wa kutapika na kuharisha unaofagia watoto wa paka nyumba nzima, huanza wiki ya 8 na kurudiwa kila wiki tatu hadi nne mpaka wiki ya 16. Ukiwa pale, angalia chanjo inatoka wapi. Inatakiwa itoke kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8, ichanganywe mbele yako, na stika ya chupa yenye namba na tarehe ya mwisho ibandikwe kwenye kadi. Uliza pia wanafanya nini umeme ukikatika. Anayeonyesha jenereta, au boksi la barafu lenye kipimajoto ndani, ameshajiuliza swali hilo kabla yako. Chukua namba ya usiku na uipige siku moja saa tatu usiku kwa swali dogo, uone kama inapokelewa.

Na kapu. Kiroba kinamkosesha hewa, mikononi anaruka kwenye bodaboda. Kreti la plastiki lililo wazi ndani, jingine likifunikwa juu na kufungwa kamba, linatosha kabisa. Liache wazi sebuleni na kanga kuukuu ndani. Paka akizoea kulala humo mchana, siku ya kumbeba hutahitaji watu wanne na glavu za bustani.