Kaptula ya Owino

Jumamosi usiku mpwa wangu alirudi nyumbani amejifunga leso kiunoni, leso aliyoazimwa na mama mmoja muuza mahindi. Kaptula yake ilibaki njiani, kwenye kizuizi, mikononi mwa jamaa wawili wenye bunduki. "Nguo ya jeshi hii. Vua." Akavua. Angefanyaje?

Kaptula hiyo naijua. Nilikuwepo alipoinunua soko la Owino, Kampala, kwa shilingi elfu kumi na tano. Ni suruali ya Kimarekani iliyokatwa magotini, pindo limeshonwa upogo, mfuko wa pajani umetoboka, rangi ya majivu yenye vimraba vidogovidogo kama televisheni iliyokosa mawimbi. Katika magwanda yote ya dunia hii, wamekamata lile lililoshindwa kazi!

Wamarekani walitangaza vimraba hivyo kwa askari wao mwaka 2004, eti vitafaa jangwani, msituni na mjini kwa mpigo. Havikufaa popote. Kule Afghanistan kijivu kile kilimwanika mtu juu ya udongo wa kahawia, hadi mwaka 2010 wakaanza kuwapa wanaokwenda huko nguo za madoa mengine. Mwisho wa Septemba 2019 wakavistaafisha kabisa. Na sisi Uganda, mwezi uleule, tukatangaza kwenye Gazeti la Serikali kwamba bereti nyekundu ni mali ya jeshi. Nyekundu! Kila mtu anajua ilikuwa kichwani mwa nani wakati ule: Bobi Wine, mwanasiasa wa upinzani, na hakuwa akienda vitani.

Waliopigana zamani wakiwa wamevaa koti jekundu hawakuwa wajinga. Baruti ilitoa moshi mzito. Risasi chache tu, humwoni hata mwenzako, kwa hiyo wekundu ulimsaidia kamanda kujua watu wake wako wapi. Miaka ya 1880 ikaja baruti isiyo na moshi, na bunduki za kupiga mbali. Uwanja ukawa wazi, koti likawa shabaha. Waingereza walikuwa wameshaonja kaki kule India (neno lenyewe huko ni la vumbi), wakahamia humo. Wafaransa wakang'ang'ana. Wanasiasa na magazeti yao wakapiga kelele kwamba suruali nyekundu ni heshima ya taifa. Agosti 1914 vijana wakaingia nayo mbele ya bombomu za Wajerumani waliovaa kijivu. Tarehe 22 pekee walikufa zaidi ya 20,000. Sisemi ni suruali iliyowaua wote, mizinga ilikuwepo. Lakini mwaka uliofuata walivaa buluu iliyofifia, na heshima ya taifa haikudondoka popote.

Babu yetu wa KAR, jeshi la Waingereza la askari Waafrika enzi za ukoloni, alikuwa Burma mwaka 1944, bonde la Kabaw, na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Walivikwa kijani kwa sababu kaki ya huku ingewaanika kwenye msitu ule. Ulipomuuliza habari za kijani hakuwa na hamu. Yeye alisimulia buti. Askari wa KAR wa rika la baba yake walipigana Vita Kuu ya Kwanza peku, funza vidoleni. Kombati yake iliozea kwenye sanduku. Buti alizipaka rangi kila Jumapili mpaka anakufa.

Haya, nakubali, tena kwa shingo upande: majambazi huvaa magwanda, na usiku mwananchi hawezi kumtofautisha mwizi na afande. Sheria ya UPDF, jeshi la Uganda, ya mwaka 2005, inayowakataza raia magwanda, haikutungwa bure. Lakini mwizi gani huvamia watu na kaptula ya kijivu, amepakiwa nyuma ya boda, mkononi ana mfuko wa nyanya?

Halafu vita yenyewe imeshahama kwenye kitambaa. Droni yenye kamera ya joto haina habari na madoa yako. Inauona mwili gizani kama kaa la sigiri. Na Ukraine, magwanda ya pande mbili yalifanana mno hadi askari wakajifunga utepe wa rangi mkononi wasije wakauana wenyewe kwa wenyewe. Zaidi ya miaka mia ya kujifunza kujificha, kisha unajifunga utepe wa manjano ili uonekane.

Mpwa wangu anataka tuongozane tukaidai kaptula. Nimemwambia akanunue nyingine, ya maua. Leso airudishe kesho asubuhi, imefuliwa.