Viapo Viwili vya Tolpuddle

Historia ya Uingereza niliyofundishwa mimi ilikuwa ya wafalme, malkia na meli. Kama watoto wetu ni lazima wasome habari za nchi ile, ningependa waanzie Tolpuddle, ambako mwaka 1834 vibarua sita walihukumiwa kwa kula kiapo cha chama chao cha wafanyakazi.

Ni kijiji kidogo cha Dorset, kusini mwa Uingereza. Wakazi wake ni mia chache tu. Kuna kanisa la mawe, kijito kiitwacho Piddle, na mti mmoja mkongwe ambao Waingereza huuita sycamore. Si mkuyu ule aliopanda Zakayo, ni jamii nyingine kabisa, lakini kivuli chake kina habari nzito: husemwa kwamba ndipo vibarua hao walipokutana. Hata jina la kijiji lina mtu ndani yake: Tola, mjane wa karne ya 11, aliyeitoa ardhi hiyo kwa watawa wa Abbotsbury. Kutoka hapo nyaraka hutaja watawa, kisha makabaila, kisha wachungaji. Waliolima hawatajwi, mpaka siku walipofikishwa kortini.

Miaka ya 1830 kibarua wa shamba kijijini hapo alilipwa kwa wiki. Ujira ulishuka hadi shilingi 9, kisha 8, kisha 7, na waajiri wakawa wanasema utakuwa 6. Sisi tuliorithi neno shilingi kutoka kwao tunajua jinsi lilivyo jepesi mdomoni na zito mfukoni. Shilingi 7 kwa mtu mwenye mke na watoto maana yake ni mkate na viazi, na siku nyingine viazi peke yake.

Kabla ya kufika 7, vibarua waliomba kikao na waajiri wao. George Loveless, kibarua na mhubiri wa Kimethodisti, aliandika baadaye yaliyotokea. Waajiri waliahidi kulipa sawa na wanavyolipa wenzao wa wilaya ile, na kasisi wa parokia akasimama shahidi. Aliwaambia warudi kazini kwa amani. Waajiri wakienda kinyume na neno lao, yeye mwenyewe atahakikisha wanapata haki yao, Mungu amsaidie. Ujira ulipopunguzwa, wakamkumbusha. Akakana kwamba aliwahi kusema.

Hicho ndicho kiapo cha kwanza, na hakuna aliyeshtakiwa kwa kukivunja.

Cha pili kilitolewa Desemba 1833 katika nyumba ya Thomas Standfield, shemeji yake Loveless. Vibarua walifungwa vitambaa machoni, wakapiga magoti, wakasomewa maneno ya Biblia, wakaapa kushikamana na kutotoa siri za chama chao. Vyama vya wafanyakazi havikuwa haramu. Sheria zilizovipiga marufuku zilifutwa mwaka 1824. Lakini kabaila na hakimu wa eneo hilo, James Frampton, alikuwa na hofu. Miaka mitatu tu nyuma, vibarua wa kusini walikuwa wamevunja mashine za kupuria nafaka na kuchoma marundo ya mavuno, na 19 kati yao wakanyongwa. Frampton akamwandikia Lord Melbourne, waziri wa mambo ya ndani, na ikapatikana sheria ya mwaka 1797, iliyotungwa baada ya maasi ya wanamaji, inayokataza viapo vya siri.

Tarehe 22 Februari 1834 matangazo yalibandikwa kuonya kwamba atakayejiunga na chama cha namna hiyo atahamishwa ng'ambo miaka 7. Siku mbili baadaye watu sita walikamatwa, kwa kiapo walichokula miezi miwili kabla ya onyo. Walitembea hadi Dorchester, kama kilomita 11: George Loveless na mdogo wake James, Thomas Standfield na mwanawe John, James Brine na James Hammett. Kati ya waliokaa kwenye baraza lililopitisha mashtaka alikuwamo Frampton mwenyewe. Loveless alieleza mahakama kwamba hawakumdhuru mtu wala mali ya mtu; walijiunga ili wao, wake zao na watoto wao wasife njaa. Hukumu ilikuwa miaka 7 huko Australia.

Wake zao walipoomba posho ya maskini, walinyimwa. Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Mahakama inaweza kujificha nyuma ya kifungu cha sheria, lakini kumnyima chakula mtoto kwa sababu baba yake ameapa hakuna kifungu kinachokificha.

London watu walijaa uwanja wa Copenhagen Fields mwezi Aprili, makumi ya maelfu, kudai wasamehewe. Msamaha ulitoka Machi 1836, nao wakarudi kwa awamu kati ya 1837 na 1839. Ndiyo maana kisa hiki husimuliwa kama ushindi, na kila Julai vyama vya wafanyakazi hukusanyika kijijini na bendera zao. Sipingi sherehe hiyo. Nasema tu kwamba watano kati ya sita hawakuweza kuishi tena Tolpuddle. Walipewa mashamba ya kukodi Essex, na baadaye wakahamia Kanada kabisa. Kijiji kiliwapoteza watu wake bora, na shilingi za kibarua hazikuongezeka kwa sababu ya msamaha.

Aliyerudi kukaa ni Hammett peke yake. Inasimuliwa kwamba hata kwenye kiapo hakuwapo. Aliyekuwapo ni ndugu yake, ambaye mkewe alikuwa mjamzito, naye Hammett akanyamaza akachukua adhabu. Kule Australia, alisema mwenyewe uzeeni, aliuzwa kama mtumwa kwa pauni 1. Maneno hayo ni yake, na msomaji wa pwani yetu, aliyekua akisikia habari za Bagamoyo, atajua kwamba tofauti ipo: Hammett alikuwa na tarehe ya kumaliza. Lakini mtu aliyepangwa sokoni hachagui neno kwa kufurahisha watu.

Alifanya kazi ya ujenzi hadi macho yalipopofuka, kisha akaenda mwenyewe kwenye nyumba ya maskini ya Dorchester asiwe mzigo kwa jamaa zake. Alifia humo mwaka 1891. Jiwe la kaburi lake liliwekwa mwaka 1934, miaka 43 baadaye, likamwita mtetezi wa uhuru. Halisemi alifia wapi. Mimi ningeandika na hilo, na kando yake, kwa herufi za ukubwa uleule, ahadi ya kasisi.