Shikamoo Kutoka Ndani ya Banda la Njiwa

Ninaandika haya masikio yangu yakiwa bado yanawasha, na ninaharakisha kuyaandika kwa sababu rafiki yangu mmoja, fundi baiskeli ambaye midomo yake haina breki, ameshatangaza mnada mzima kuwa siku ya Jumamosi niliwakimbia wageni waliokuja kumposa dada yangu nikaenda kujificha ndani ya banda la njiwa. Sikujificha. Ni mtu gani mwenye akili timamu anayejificha huku nusu ya mwili wake ikibaki nje, tena ile nusu isiyofaa kupokelea wakwe?

Mnaonifuata siku zote mnalifahamu banda langu, lile lililoinuliwa juu ya nguzo nne zilizovishwa mabati ili kicheche asipande. Mnakumbuka pia kwamba alipopanda hivyo hivyo na kuingia kwa mlango wa nyuma, niliupigilia mlango huo misumari mpaka ukasahau kuwa ni mlango, nikajisifu hapa kwa maneno mengi nanyi mkanipongeza. Tangu hapo njia pekee ya kuwafikia njiwa ni matundu ya mbele, ambayo nayo niliyazungushia vipande vya bati vilivyokunjwa kuelekea ndani. Anayejua mgono unavyomkaribisha samaki na unavyomnyima ruhusa ya kuondoka ameshaelewa habari hii inakokwenda.

Kideri kilikuwa kimepita na kuku wa mtaa mzima, kwa hiyo mama aliamua kuwa mboga ya wageni iwe makinda wa njiwa, wale wa wiki tatu na kuendelea, walionona ambao bado hawajajua kuruka. Kwa kuwa njiwa hutaga mayai mawili tu kwa uzao mmoja, sufuria la wageni halijai bila kukagua tundu baada ya tundu. Matundu ya chini hayakunisumbua. La juu, lililo pembeni, lilikuwa na makinda wawili waliojibana kwenye kona ambayo mkono wangu haukuifikia. Wageni tulikuwa tumewahesabia jioni, maana wageni wa posa wanaofika mchana sijawahi kuwaona katika vijiji vyetu vya huku Uvinza, na mimi nilikuwa nimeshavaa shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi ya mkaa. Nikafudikiza ndoo, nikapanda, nikaingiza kichwa ili nione kona hiyo ina nini.

Kichwa kiliingia vizuri kabisa. Masikio yalilala kwa adabu, yakapita, kisha yakasimama upande wa pili wa bati na kukataa kulala tena. Nilivuta kidogo, bati likanikwaruza. Nilivuta kwa nguvu, ndoo ikapinduka na kubingirika, nikabaki nimesimama kwa ncha za vidole vya miguu, mikono imekumbatia banda, shingo imezungukwa na kazi ya mikono yangu mwenyewe.

Ndani mlikuwa na giza, vumbi la manyoya na harufu ambayo mfugaji huizoea akiwa nje yake. Macho yalipozoea nikawaona makinda hao wawili, nywele za njano zikiwa zimebakia vichwani mwao, wakinitazama kwa umbali usiofika shubiri. Mmoja alijitutumua na kugongagonga mdomo wake kwa vitisho. Mwenzake alikuwa na njaa. Nanyi mnajua kinda wa njiwa hapanui mdomo akasubiri kuletewa kama makinda wa ndege wengine, bali yeye ndiye huingiza mdomo wake ndani ya mdomo wa mzazi na kunywa ule uji mzito unaotoka kwenye gole. Aliisogelea pua yangu. Akajaribu tundu moja, akalikuta halina kitu, akajaribu la pili. Kisha akagundua pembe ya mdomo wangu na kuanza kuidukua kwa matumaini makubwa, nami nikaubana mdomo kama mtu anayekataa dawa.

Hapo ndipo niliposikia, nyuma yangu, sauti nzito ya mzee: "Hodi wenyewe!"

Baba alikuwa akioga. Kina mama walikuwa jikoni, upande wa pili wa nyumba. Uani nilikuwapo mimi peke yangu, kaka wa binti, niliyepangiwa kuwapokea wageni na kuwaonyesha mikeka. Hodi ya pili ikaja. Nyinyi mngefanyaje? Mgeni habishi hodi mara tatu mbele ya mtu mzima asiyejibu, tena mgeni wa posa. Nilifungua mdomo kusema "karibuni", na silabi ya kwanza tu ilipotoka, yule kinda akaingia mzima mzima mpaka macho. Kilichosikika nje, kwa mujibu wa fundi baiskeli aliyekuwa ameongozana nao kuwaonyesha njia, kilikuwa "kaghr".

Wakati huohuo dume, baba wa makinda hao, alirejea na gole lililojaa, akakuta mlango umezibwa, akatua mgongoni mwangu. Nilimsikia akitembea kutoka kiunoni hadi begani na kurudi, akiguna na kuinama kama anavyofanya anapogombea tundu, kisha akanidonoa kisogo. Nikamtema kinda, nikasema kwa heshima yote niliyokuwa nayo: "Shikamoo, mzee!"

Banda likaitikia kwa mwangwi. Kimya kikapita. Halafu mshenga, ambaye kwa kweli amelelewa, akaliamkua shati langu kwa nyuma bila kutetereka: "Marahaba, baba. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo, mzee."

"Na hao njiwa, hawajambo?"

"Hawajambo, mzee. Karibuni mikekani."

"Tumeshakaribia. Wewe hutoki?"

Yaliyofuata hayana maelezo marefu. Kijana mmoja wa upande wao alinirudishia ndoo chini ya miguu, baba alitoka bafuni na taulo, na mama alileta kidumu cha mawese akayamimina kupitia tundu la jirani mpaka masikio yakateleza. Nilitoka mwekundu kuanzia utosini hadi mfukoni mwa shati, nikawapa wakwe mkono wa mafuta. Dada alicheka hadi akakaa chini, jambo ambalo bi harusi mtarajiwa hatakiwi kulifanya. Wageni walikula ugali kwa migebuka, posa ikapokewa, makinda wote wakapona. Shati nimelifua kwa sabuni ya mawese, na mama anasema nimepeleka kesi ya nyani kwa ngedere.

Mnaouliza kuhusu mlango wa nyuma, umeshafunguka. Aliyeufungua ni baba, kwa shoka, kabla wageni hawajafika stesheni, na ameniambia kuwa kicheche akirudi tutazungumza naye, kwa sababu yeye angalau anaingia na kutoka.