Sikio linaloziba miezi kwa miezi: tiba ipi itangulie?

Ukishuka na gari kutoka Kasulu kuja Kigoma mjini, masikio huziba, unameza mate, yanafunguka. Kinachofunguka ni mrija mwembamba unaounganisha nyuma ya kiwambo cha sikio na nyuma ya pua, wenye urefu wa sentimita 3.5 hivi kwa mtu mzima. Kwa wengine mrija huo hugoma kwa miezi, na hapo ndipo ushauri unapogongana.

Mafuta ya mawese au ya nazi yanayodondoshwa sikioni hayana la kutetea. Kiwambo kizima hakiyapitishi yafike kwenye mrija, na kiwambo kilichotoboka kikiingiziwa chochote, maambukizi yanakaribishwa.

Mabishano ya kweli yako kati ya kuvumilia na dawa za pua, na kufanyiwa upasuaji. Wanaotaka subira wana hoja: baada ya mafua, wengi hupona wenyewe ndani ya wiki chache. Kuziba pua, kufunga mdomo na kusukuma pumzi polepole husaidia, mradi usisukume kwa nguvu. Dawa ya steroidi ya kupuliza puani inamfaa mwenye aleji. Lakini kwa mtu mzima asiye na aleji, manufaa yake kwa mrija wenyewe hayajaonekana vizuri, na kuipuliza mwaka mzima bila kupimwa ni kupoteza hela. Zile za kuzibua pua haraka zisizidi siku 5 hadi 7, kwani baadaye pua huziba zaidi.

Upande wa upasuaji nao una uzito. Bomba dogo la plastiki linalowekwa kwenye kiwambo huingiza hewa mara moja, na mtoto aliyejaa maji nyuma ya kiwambo husikia vizuri tena. Ila haliponyi mrija. Kwa kawaida hudondoka lenyewe baada ya miezi 6 hadi 18, na tatizo linaweza kurudi. Kwa watoto wa Ujiji na Kibirizi, wanaopiga mbizi ziwani tangu wadogo, hilo si jambo dogo: mbizi za kina lazima zisimame bomba likiwa bado sikioni. Mtoto anayekoroma pia achunguzwe nyama za pua, kwani zikivimba huweza kubana mrija. Kuna pia puto la kupanua mrija, lililoruhusiwa Marekani mwaka 2016. Linatia matumaini, lakini ushahidi wa matokeo yake ya miaka mingi bado ni mdogo.

Mimi naegemea kipimo kabla ya yote. Nauli ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, ni nzito kwa familia ya huku, nalijua hilo. Hata hivyo sikio "lililoziba" linaweza kuwa nta tu, au maumivu ya kiungo cha taya, au mrija uliobaki wazi kupita kiasi, ambao hauhitaji kupanuliwa. Daktari wa masikio, pua na koo hutenganisha hayo kwa kuangalia na kupima msukumo wa hewa.

Mtu mzima aliyeziba sikio moja tu kwa wiki kadhaa adai kuangaliwa nyuma ya pua, maana uvimbe, hata saratani, huweza kuanzia hapo. Na usikivu ukipotea ghafla, usiite mafua: nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani tiba yake hufaa zaidi ikianza mapema.