Asiyetaka Kucheza, Mpe Ngoma Apige

Kila darasa la ngoma za asili lina safu yake ya nyuma. Huko ndiko wanakojibanza watoto walioletwa na wazazi bila kuulizwa, wavulana wanaoona haya kukata kiuno mbele ya wenzao, wasichana walioanza kurefuka ghafla na hawajui mikono waiweke wapi, na wale waliotoka shuleni moja kwa moja wakiwa na njaa. Mwalimu anahesabu moja, mbili, tatu, nne. Wao wanainua mguu kwa sababu aliye mbele yao kauinua.

Walimu wenzangu wengi huwaita wavivu. Mimi nafundisha watoto wa shule ya msingi hapa Dar es Salaam na jina hilo silikubali hata kidogo. Mtoto huyo huyo anayeburuta miguu darasani, mkute jioni mtaani kwao singeli ikilia kwenye spika la dukani. Singeli ina midundo zaidi ya 200 kwa dakika, na mtoto anaifuata yote, mabega, magoti na visigino, bila kuhesabiwa na mtu. Mwili wake unajua kucheza. Kuna kitu mtaani ambacho darasani hakipo, na kazi ya mwalimu ni kukitafuta kitu hicho, si kumgombeza mtoto.

Naona ni hiki. Ngoma zetu hazijawahi kuwa hatua za miguu peke yake. Bugobogobo ya Wasukuma ni ngoma ya jembe: watu wanalima kwa pamoja, majembe yanapanda na kushuka na mdundo, na shamba linaisha. Ukala wa Wazigua ni wa wawindaji. Mdundiko wa Wazaramo unatembea. Unatoka uani kwa mwenye shughuli, unazunguka mitaa, na watu wanaufuata hadi wanasahau walikuwa wakienda wapi. Watoto wengi wa Dar tumekua tukionywa na mama zetu tusiufuate mdundiko tukapotea. Kila ngoma ilikuwa na kisa chake, na kila aliyekuwepo alikuwa na kazi: wa kupiga, wa kuongoza wimbo, wa kuitikia, wa kupiga makofi na vigelegele, wa kuipasha ngoma moto, wa kuchota maji. Asiyejisikia kuingia kati hakuonekana mvivu, kwa sababu alikuwa na la kufanya pembeni, na mara nyingi kabla jua halijazama alikuwa ameshaingia.

Sisi tumechukua hayo yote tukayapeleka darasani, na njiani tukalidondosha jembe, mawindo na mtaa. Tumebakiza hatua nane na filimbi ya mwalimu. Watoto wote wamepangwa mistari, wote wana kazi moja tu, na wote wanatazama kisogo cha mwenzao. Halafu tunashangaa hawana raha.

Wapo wanaodhani dawa ni kumkumbusha mtoto kwamba hii ni asili yake. Mwalimu Nyerere alilalamika Desemba 1962, alipolihutubia Bunge baada ya kuwa Rais na kuunda wizara ya kushughulikia utamaduni, kwamba wengi walikuwa wamejifunza rumba, chachacha na twisti, na wachache tu ndio waliojua gombe sugu, mangala au lelemama. Alikuwa na haki ya kulalamika, na wizara ile ilifanya kazi kubwa. Lakini mbele ya mtoto wa miaka tisa wa Mbagala ambaye baba yake ni Mnyakyusa na mama yake ni Mpare, neno asili halichezeshi mguu. Sindimba ya Wamakonde ni ngeni kwake kama ilivyo ngeni ngoma ya nchi nyingine. Ataipenda, tena sana, lakini ataipenda kwa sababu imempa kitu leo hii, hapa hapa kwenye vumbi la uwanja wa shule.

Kitu cha kwanza ninachompa ni ngoma yenyewe mkononi. Kabla ya hatua yoyote tunakaa duara, tunawasha moto mdogo wa makaratasi na nyasi kavu, na watoto wanazipasha ngoma wenyewe mimi nikiwa pembeni yao. Ngozi ikilegea sauti inakuwa nzito, haitoki. Ikikazwa na moto inaanza kulia. Mtoto anaigonga, anasikiliza, anairudisha motoni, anaigonga tena. Sijawahi kuona mtoto akichoshwa na kazi hiyo. Tukitoka hapo kila mmoja anapiga kwa zamu: chapuo, msondo, vumi, na asiyepata ngoma anashika kayamba au anapiga makofi. Wimbo unafuata. Miguu inakuja mwisho, na mara nyingi sihitaji kuiita.

Nilikuwa na kijana mmoja wa darasa la tatu ambaye alikuwa akifika, anaweka begi chini, anasimama. Ukimwambia cheza, anatazama ardhi. Nikampa chapuo. Muhula mzima nikamwacha hapo, hakuna aliyemsukuma, na wenzake wakazoea kwamba yeye ndiye wa chapuo. Mikono yake ilikuwa na akili ya ajabu. Akaanza kuona mambo ambayo wachezaji hawayaoni, kwa mfano kwamba safu ya kushoto huchelewa kila wimbo unapobadilika. Siku moja akaniomba ruhusa aende kuwaonyesha. Akaweka chapuo chini, akaingia katikati, akaonyesha, na hakurudi tena pembeni. Wazazi wake waliniuliza nilimfanya nini. Sikumfanya kitu zaidi ya kumngoja akiwa na kazi mkononi. Kumngoja akiwa amekaa bure kungekuwa ni kumtelekeza.

Kitu cha pili ni mpinzani. Hapa nina imani kubwa na Wasukuma. Mashindano yao ya Bagika na Bagalu, makundi mawili yanayojinasibisha na waganga wawili wa zamani, Ngika na Gumha, yanachezwa uwanja mmoja, makundi yote mawili kwa wakati mmoja, na watazamaji wapo huru kwenda wanakotaka. Kundi lililovuta watu wengi ndilo lililoshinda. Ndiyo maana wachezaji wao hubuni vituko kila mwaka, wapo hata wanaocheza na nyoka: mtazamaji akikuacha, umeshindwa hapo hapo na kila mtu ameona.

Nililichukua hilo nikalipeleka kwa watoto. Nagawa darasa pande mbili, kila upande unachagua jina lake, wimbo wake na kiongozi wake, kisha nawaita wadogo wa darasa la kwanza waje kutazama, na wanaruhusiwa kutembea. Mwanzoni wadogo wanazubaa katikati. Halafu upande mmoja unafanya jambo, labda mtu anaruka vizuri au wimbo unakuwa na maneno ya kuchekesha, na utaona wadogo kumi wanahama kwa mbio. Ule upande ulioachwa unachanganyikiwa, unajipanga upya palepale, unabuni. Safu ya nyuma inakufa yenyewe, kwa kuwa upande wenye watu wachache hauwezi kumvumilia aliyesimama. Ni wenzake wanaomvuta, na mvuto wa wenzake una nguvu kuliko wangu.

Ninajua hoja ya wanaopinga mashindano kwa watoto wadogo, kwamba anayeshindwa huvunjika moyo. Kwa mashindano ya jukwaani yenye majaji na alama, nakubaliana nao. Haya ni tofauti kwa sababu yanabadilika kila dakika; aliyeachwa sasa hivi anaweza kuwarudisha watazamaji wake kabla wimbo haujaisha.

Cheo nacho hufanya kazi kubwa. Beni, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi iliyoanzia pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea Tanganyika, ilikuwa na wafalme, majenerali na makapteni wake. Makundi yake mawili, Marini na Arinoti, walishindana kwa sare na vyeo kama walivyoshindana kwa kucheza. Mganda, ngoma ya Ziwa Nyasa, nao umekua ukiiga gwaride la askari, na una mfalme na daktari wake. Wazee wale walijua kwamba mtu akipewa cheo anasimama wima. Darasani kwangu yupo mkuu wa njuga, anayezihesabu na kuzifunga miguuni kwa wenzake, na yupo mkuu wa moto. Vyeo hivyo huanza na safu ya nyuma. Walio hodari hawavihitaji.

Kuhusu ngoma ya kuanzia nayo, nasema kwa ufupi. Wavulana wanaoona haya waanze na mganda, kwa mwendo wake wa gwaride na kaptula zake nyeupe. Kiuno kitakuja baadaye au kisije kabisa. Ukimlazimisha mvulana wa darasa la tano kuanza na sindimba mbele ya wasichana, umempoteza. Na mzazi akija kukwambia dini yake haimruhusu binti kucheza ngoma fulani, kaa naye umsikilize, mtafutie binti ngoma nyingine au kazi nyingine kwenye duara. Zipo nyingi.

Na singeli tusiifukuze. Ninasikia walimu wakisema mambo ya mtaani yabaki mtaani. Singeli imetoka humu humu mjini, Manzese na Tandale, na nyuma yake upo mchiriku, na nyuma ya mchiriku zipo ngoma za Wazaramo. Mtoto anayeijua singeli ameshafika nusu ya njia. Ninamwachia acheze anavyoijua, halafu napunguza mdundo kidogo kidogo mpaka asikie mdundiko chini yake. Uso wake hapo hung'aa, kwa sababu ameona kwamba kitu alichokuja nacho kutoka nyumbani kina thamani darasani.

Wazee wamesema ngoma ya watoto haikeshi, na nalichukulia neno hilo kama ratiba. Dakika arobaini zinatosha kwa watoto wadogo. Baada ya hapo unafundisha uchovu. Maji yawepo. Aliyekuja na njaa ale kwanza, hata kama ni kipande cha muhogo. Mara nyingi yule tuliyemwita mzito alikuwa hajala tangu uji wa asubuhi.

Fimbo isiwepo kabisa. Nimeona wakufunzi wanaoshika kiboko hata wakiwa hawapigi, wanakitumia kuhesabia mdundo chini, na watoto wanacheza wakikitazama kiboko. Pipi nazo sizipendi. Wiki ya kwanza zinaleta furaha, wiki ya tatu zimekuwa mshahara, na mtoto anauliza kwanza kama zipo. Tunzo ya ngoma yetu ni kitu kingine: mtu aliyeguswa anatoka kwenye kundi, anaingia kati, anampachika mchezaji noti usoni au anamfunga kanga, watu wanashangilia. Huwezi kuiahidi kabla. Kwa watoto wangu tunatunzana kwa kanga moja ya darasa. Yeyote aliyependa jambo la mwenzake anaichukua na kwenda kumvisha, kisha aseme alichokipenda, kwa mfano kwamba mguu wa kushoto umeingia pamoja na chapuo. Neno la jumla kama "vizuri" halikubaliki. Watoto wameanza kutazamana kwa makini ya kweli kwa sababu ya kanga ile.

Kuna jambo moja linaloharibu kazi hii yote, na linaniuma. Ni kuwatumia watoto kuburudisha wageni. Mgeni rasmi anatarajiwa saa tatu asubuhi, watoto wamepangwa juani toka saa mbili, mgeni anafika saa sita, na hapo ndipo wanatakiwa kucheza kwa tabasamu. Kiu, jua, kaniki zinawasha, na mwalimu anawanong'oneza wachangamke. Shule nyingi zinafanya hivyo bila nia mbaya, lakini mtoto anajifunza kwamba ngoma ni adhabu inayotolewa kwa ajili ya mkubwa asiyemjua. Kumrudishia raha mtoto huyo huchukua miezi. Wakuu wa shule, tafadhali: watoto wakae kivulini na maji yao, waitwe gari la mgeni likishaingia getini, na mgeni akichelewa zaidi ya saa moja waende zao darasani.

Na UMITASHUMTA, yaani mashindano ya michezo na sanaa ya shule za msingi Tanzania. Nayapenda mashindano yale, yamewapa watoto wengi wa vijijini safari yao ya kwanza kutoka wilayani kwao. Ninachoomba ni kwamba kikosi cha ngoma kisichaguliwe wiki ya kwanza. Shule nyingi huteua kumi na watano walio hodari mapema, ngoma zote na njuga zote zinahamia kwao, na waliobaki wanakuwa watazamaji hadi mwaka unaofuata. Safu ya nyuma tunaitengeneza wenyewe siku ile ya uteuzi. Shule nzima icheze kwanza, kwa miezi, kila mtoto apite kwenye chapuo, kwenye wimbo na katikati ya duara, na majina yaandikwe wiki chache tu kabla ya safari. Nina hakika kwenye orodha hiyo tutakuta majina ambayo mwanzoni mwa muhula hakuna mwalimu angeyafikiria.